Talwa: mji wa Wakriki uliojiamulia mambo yake

Ukisoma kwamba Wakriki (Creek), taifa la wenyeji asilia wa Amerika, walipigana na Marekani, uliza kwanza ni wa talwa ipi. Talwa ilikuwa mji wenye mamlaka yake, katika nchi ambayo leo ni Georgia na Alabama. Wingi wa nyumba haukutosha kuufanya mji uwe talwa. Ilibidi uwe na uwanja wa baraza na moto mtakatifu, uliozimwa na kuwashwa upya kila mwaka kwenye sherehe ya mahindi mabichi. Hapo miko, mkuu wa mji, aliketi na wazee wakajadiliana hadi wakubaliane. Hakuwa na askari wa kumlazimisha mtu. Baraza la taifa zima lilikuwepo, ila talwa iliweza kulikatalia, hata katika suala la vita.

Ndiyo maana vita vya 1813 hadi 1814 viliwagawa: talwa nyingine ziliingia upande wa Fimbo Nyekundu, Wakriki waliopigana na Marekani, nyingine zikapigana bega kwa bega na Marekani. Mkataba wa Fort Jackson, uliomaliza vita hivyo, haukujali tofauti hiyo. Ulichukua takriban ekari milioni 23, zikiwemo ardhi za washirika.

Chehaw, talwa ya kusini-magharibi mwa Georgia, iliona ukali wa kutojaliwa tofauti hiyo. Mwanzoni mwa 1818 iliwapa chakula wanajeshi wa Jenerali Andrew Jackson wa Marekani waliokuwa njiani kwenda Florida kupigana na Waseminole, na baadhi ya vijana wake wakafuatana naye. Wakati huo mashambulizi mpakani yalikuwa yamewakasirisha walowezi, na Gavana wa Georgia, William Rabun, akatuma wanamgambo wapige miji mingine miwili. Kapteni Obed Wright akaipiga Chehaw, Aprili, wapiganaji wake wakiwa mbali. Mzee aliyeitwa Meja Howard alitoka na bendera nyeupe, akauawa. Nyumba zikachomwa. Wright alijisifu kuwa ameua wengi. Hesabu za baadaye zilikuwa ndogo zaidi.

Jackson alimwandikia Rabun barua ya hasira, akaliita shambulio hilo la woga na la kinyama. (Jackson huyu ndiye aliyekuja kutia saini sheria ya kuwahamisha Wahindi Wekundu mwaka 1830.) Rabun naye akamjibu kuwa jenerali hana mamlaka ya kumwamrisha gavana. Wright alikamatwa kwa amri ya Jackson, mahakama ya Georgia ikamwachia, gavana akaamuru akamatwe tena, kisha akatoroka.