Soda ya Bungo, Kisamvu cha Nazi na Yale Tunayoambiana Jikoni

Siku hizi watu wengi Unguja na Pemba wanataka kujitengenezea soda ya matunda nyumbani, na wengine wanataka siku mbili tatu za wiki wapike bila nyama, samaki, mayai wala maziwa. Nafurahi, kwa sababu vyote viwili tunaviweza. Matunda tunayo, nazi tunazo, kunde na mbaazi hazikosekani Darajani wala Chake Chake. Linaloniudhi ni maneno yanayotoka jiko hili kwenda jiko lile, na sasa kwenye makundi ya simu, bila mtu kuyachuja. Mengine hasara yake ni sukari na mkaa tu. Mengine yanaweza kumpasukia mtoto usoni.

"Kupika bila nyama ni mambo ya wageni wa mahotelini"

Kitazame chungu cha futari. Muhogo wa nazi, majimbi, ndizi mbichi, viazi vitamu, shelisheli: usipotia papa wala kipande cha nyama, humo hamna kitu cha mnyama. Mbaazi za nazi za asubuhi ni hivyo hivyo. Vitumbua ni mchele ulioroweshwa, tui, hamira, sukari na hiliki. Mchicha wa nazi, kunde za nazi, mchuzi wa bamia na tungule, hakuna hata kimoja kilichofundishwa na mpishi wa hoteli.

Nadhani nyuma ya dhana hii kuna haya iliyojificha. Wengi tumelelewa tukiona wali na choroko ni chakula cha siku ya kukosa kitoweo, kwa hiyo mgeni akija tunaona aibu kumwekea. Mbaazi zilizopikwa zikaiva, zikatiwa tui zito mwishoni na pilipili mbichi nzima juu yake, si chakula cha kumwombea mgeni radhi.

Na hamira? Wapo wanaoikwepa wakidhani inatokana na mnyama. Hamira ni kuvu, iko upande mmoja na uyoga.

"Gesi ikija yenyewe, soda haina kilevi"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapodanganyika zaidi, na kwetu jambo hili si dogo.

Njia inayosambaa sana ni hii: tangawizi iliyoparwa, sukari na maji vinawekwa kwenye chombo siku kadhaa mpaka vitoe povu, kisha maji yake yanachanganywa na juisi na kufungiwa chupani. Wengine huroweka maganda ya nanasi kwa sukari. Povu linatokana na chachu, yaani kuvu wadogo wa jamii ya hamira, wanaoishi kwenye maganda hayo. Wakila sukari hutoa vitu viwili kwa wakati mmoja, gesi ya kaboni na alkoholi. Hawatoi kimoja wakaacha cha pili. Kila gramu ya glukosi inayoliwa hugawika karibu nusu kwa nusu: nusu gesi, nusu alkoholi.

Sasa fanya hesabu. Soda ya dukani huwa na gesi kiasi cha gramu 6 hadi 8 kwa lita. Soda yako ikifikia kiasi hicho cha gesi kwa kazi ya chachu peke yake, basi ina alkoholi ya uzito kama huo, yaani karibu asilimia 1 ya ujazo. Na hapo tumechukulia kwamba gesi yote imebaki chupani. Ile iliyopotea wakati chombo kiko wazi nayo iliacha alkoholi yake ndani. Wagema wetu wanalijua hili tangu zamani: maji ya mnazi hushuka matamu, saa chache baadaye ni tembo, yakiachwa siku nyingi yanakuwa siki. Kuiweka soda kwenye friji hupunguza kasi ya chachu, lakini hakuondoi alkoholi iliyokwisha kupatikana.

Hukumu ya kiasi kidogo kama hicho waulize masheikh. Mimi si mwanachuoni. Ninachosisitiza ni kwamba aliyeitengeneza asiseme hamna. Jirani aliyekaribishwa, na mtoto wa skuli aliyeleta pesa zake kununua, wana haki ya kujua wanachokunywa.

Njia isiyo na chachu ipo, tena ni nyepesi zaidi. Chukua kokwa za bungo, zitie maji kidogo, zipekeche mpaka nyama yake iachane na kokwa, kisha chuja. Chemsha maji hayo mazito pamoja na sukari, vipande vya tangawizi na hiliki mbili tatu zilizopondwa, mpaka yashikamane kidogo. Yaache yapoe kabisa, yaingie friji. Wakati wa kunywa, tia sehemu 1 ya sharubati hiyo kwenye glasi, kisha mimina taratibu sehemu 3 za maji ya gesi yasiyo na ladha, yakipita ukingoni mwa glasi. Gesi hiyo imesukumwa kwa mashine, haikutokana na kuchacha. Maji yawe baridi sana, kwa sababu gesi hukaa vizuri kwenye maji baridi na hukimbia kwenye ya vuguvugu. Ukwaju, pasheni na rozela vinapendeza kwa njia hii. Stafeli na embe vichuje zaidi ya mara moja, maana vile vipande vidogo vidogo ndivyo vinavyoifanya gesi itoke kwa fujo na glasi kufurika.

"Chupa yoyote inayofungika inafaa"

Haifai. Mtungi wa jemu na chupa nyembamba ya kioo havikutengenezwa kuhimili mgandamizo, na kioo kikipasuka hurusha vipande. Ukiamua kutumia chachu, tumia chupa ya plastiki iliyokuwa ya soda, iliyo nzima na safi, na uache nafasi ya vidole viwili juu. Ibonyeze kila baada ya saa chache: ikishakuwa ngumu kama soda ambayo haijafunguliwa, iingize friji papo hapo. Usifuate siku zilizoandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao huambiwa siku tatu au nne. Kwetu wakati wa kaskazi, chupa iliyofungwa asubuhi inaweza kuwa ngumu kabla ya asubuhi ya pili.

Maji ya gesi usiyatie kwenye blenda. Hutoa gesi yote kwa mkupuo na kuurusha mfuniko.

"Ya nyumbani haina sukari, kunywa utakavyo"

Vijiko vitatu vya chakula vya sukari ndani ya glasi ni zaidi ya gramu 35, sawa na kopo moja la soda ya dukani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 hivi za sukari ya namna hii kwa siku, na bora zaidi abaki chini ya 25. Sukari ya asili iliyomo kwenye juisi iliyokamuliwa nayo huhesabiwa humo. Faida ya kujitengenezea ni kwamba mkono wa kupunguza ni wako.

"Kisichoonekana nyama ndani yake ni cha mimea"

Halua ya Wete ni fahari yetu, lakini ndani yake mna samli. Kisamvu kingi hutiwa kamba waliotwangwa, na mpishi hata hakumbuki kukutajia. Vidonge vya mchuzi mara nyingine huwa na mafuta ya kuku, hivyo soma karatasi yake. Asali nayo, kwa wanaoacha kila kitu cha mnyama, haimo. Urojo ni rafiki: unga, manjano, embe mbichi au ndimu, pamoja na bajia, kachori, muhogo na chatini ya nazi. Mwambie tu muuzaji asitie yai wala mishikaki.

Jeli ya watoto ndiyo inayowashangaza wengi. Kinachoigandisha mara nyingi ni jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na kwa hiyo hata asiyejali habari za chakula cha mimea ana sababu ya kuuliza ni mnyama gani. Jawabu tunalo ufukweni. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani tangu 1989, wengi wa wakulima wake wakiwa wanawake, hununuliwa duniani kwa ajili ya karajini, kitu kinachozitia uzito na kuzigandisha bidhaa kadhaa za chakula. Sisi tunaukausha tukausafirisha, kisha tunanunua jelatini. Hili linanisikitisha kweli.

Na madhali nimetaja kisamvu: kuna mtindo wa kusaga majani mabichi ya kila aina kuwa juisi ya kijani. Kisamvu msikithubutu. Kibichi kina sumu ya sayanidi. Kitwangwe vizuri, kichemshwe kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ndipo kitiwe tui.

"Nazi ina kolesteroli" na "nazi ni mmea, haidhuru moyo"

Zote mbili ni potofu. Kolesteroli kwenye chakula hupatikana kwa wanyama, na nazi si mnyama. Lakini mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni yale yanayoganda, na hayo huchochea mwili kupandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Si lazima kuiacha nazi. Mzanzibari asiye na nazi atapika nini? Chemshia kwa tui la pili, jepesi, na tui zito ulitie kikombe kimoja mwishoni badala ya kuchemshia chungu kizima.

"Bila samaki utaishiwa nguvu"

Choroko, kunde na mbaazi kavu zina protini ya gramu 21 hadi 24 katika kila gramu 100, na kile ambacho mchele unakipungukiwa, kunde zinakijaza. Si lazima hata viwe kwenye sahani moja, mradi vyote viliwe ndani ya siku. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga ndiyo hufyonzwa kwa shida. Kamulia ndimu kwenye mchicha, na chai ya rangi iache mpaka saa moja baada ya kula, kwa sababu huyazuia.

Penye ukweli ndani ya hofu hii ni vitamini B12. Mimea haina, na mwani usiutegemee kwa hilo. Anayepika hivi siku mbili tatu na siku nyingine akala samaki au mayai hana wasiwasi. Anayeacha kabisa atumie vidonge vya B12 au vyakula vilivyoongezewa, na mama mjamzito au anayenyonyesha asingoje dalili, aulize kliniki mapema, maana mtoto anategemea akiba ya mama yake.