Ukiona namba ya plastiki kwenye tope, uliza kwanza walitumia chumvi gani

Kila nikisema kazi yangu ni kuhesabu plastiki kwenye tope la bahari watu wanadhani naokota chupa ufukweni. Hapana jamani, chupa siigusi. Mi natafuta maikroplastiki, yaani vile vipande vya chini ya milimita 5, na vingi ninavyokuta ni vidogo kuliko punje ya mchanga, huvioni kwa macho hata uinamie vipi.

Swali linalonifuata kila mahali: plastiki si inaelea, sasa kwenye tope imefikaje? Kwanza sio zote zinaelea. Maji ya bahari yana kama gramu 1.025 kwa kila sentimita moja ya ujazo, polietilini ya mifuko na polipropilini ya vifuniko ziko chini ya hapo kwa hiyo zinaelea, lakini PET ya chupa, ambayo ndo ile ile poliesta ya nguo, iko kwenye 1.38 na PVC ya mabomba ni humo humo. Hizo zinazama. Chupa unayoiona ikielea inabebwa na hewa iliyomo ndani, ikishavunjika vipande safari yake ni chini. Na hata zile nyepesi hazisalimiki, zinaota utando wa bakteria na mwani mpaka zinakuwa nzito, au kuna kadudu kanazila kanakunya na kinyesi kinashuka nazo. Halafu pale mto unapoingia baharini, maji matamu yakikutana na chumvi, chembe za udongo zinashikana mabonge na kuzama, na plastiki inazolewa humo humo.

Sasa weka jiji juu ya huo mto. Maji taka yamejaa nyuzi za nguo zilizofuliwa, barabarani kuna vumbi la tairi na rangi iliyobanduka, bandarini kuna punje za plastiki ghafi zinazomwagika, na mvua kubwa ikija inasukuma vyote kwa mpigo. Watafiti wa Manchester walipima vitanda vya mito kabla na baada ya mafuriko, wakatoa majibu mwaka 2018: mafuriko yalikuwa yameondoka na kama asilimia 70 ya maikroplastiki iliyokuwa imelala pale chini. Imeondoka kwenda wapi, we jaza mwenyewe.

Kwa hiyo mimi ufukwe unaong'aa haunidanganyi. Penye mawimbi makali mchanga unaoshwa kila siku, plastiki inahamia penye utulivu, kwenye lile tope laini la kijivu linalonata mguuni maji yakipwa, na huko ndo naendaga na kijiko cha chuma na mtungi wa glasi.

Maabara ndo kwenye utamu na ndo kwenye matatizo. Nakausha tope kwenye oveni moto mdogo, nalipima, nalimimina kwenye bika, kile kikombe cha glasi cha maabara, yenye maji yaliyokolea chumvi, nakoroga, naliacha lilale. Asubuhi madini yote yako chini, juu kuna kautando kachafu ka majani, maganda ya wadudu na plastiki. Nakachuja, namwagia kemikali ya haidrojeni peroksaidi kuunguza vya asili, kinachobaki kinaenda chini ya darubini.

Ila sasa, chumvi gani? Chumvi ya kawaida ikikolea mpaka mwisho, maji yake yanafika kama gramu 1.2 tu kwa sentimita ya ujazo, na mtafiti Richard Thompson na wenzake, kwenye ule utafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, wa 2004 uliolipa umaarufu neno maikroplastiki, walitumia hiyo. Ni rahisi na haina sumu, naironi itapanda juu bila shida, lakini PET na PVC hapo zinabaki chini na mchanga na wewe unaandika hazipo! Ukitaka kuzipata unahitaji chumvi nzito kama zinki kloraidi au sodiamu aiodaidi, zinazovuka 1.5, ila ya kwanza inababua na ya pili ni ghali sana, ndo maana wengi wanaikwepa. Kwa hiyo ripoti mbili za pwani ile ile zinaweza kupishana mbali na hakuna aliyedanganya. Na hapo bado mmoja hajahesabu kwa kilo ya tope kavu na mwingine kwa mita ya mraba, mmoja chujio lake linaishia mikromita 300 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) na mwingine 20.

Tairi ndo zinaniudhi kuliko vyote. Mashine ya infraredi inatambua plastiki kwa mwanga inaounyonya, sasa tairi limejaa kaboni nyeusi inayomeza karibu mwanga wote, mashine inakurudishia picha isiyo na maana. Ukisoma orodha ya plastiki za tope la jiji na tairi halipo, mi nashuku mashine kabla sijasifia barabara.

Halafu kuna aibu yangu. Kuna wakati kila sampuli ilikuwa na nyuzi za bluu, nikafurahi kweli, nikaanza mpaka kujiuliza zinatoka kiwanda gani, kumbe na ile bika ya maji matupu ninayoiwekaga pembeni kama kipimo cha uchafu wa maabara yenyewe nayo inazo. Nikachomoa uzi mmoja kwenye mkono wa sweta yangu nikauweka chini ya darubini, ni ule ule. Nilitupa hesabu ya wiki tatu. Siku hizi maabara ni nguo za pamba tu, kila chombo kinafunikwa karatasi ya alumini, sweta inabaki nyumbani, na kwenye bika ya maji matupu ya jana nimekuta nyuzi mbili, nyeusi, bado natafuta mwenyewe.