Je, wajua kwa nini fundi wa meli aliandika riwaya ya chombo cha angani?

Lamu barafu tunaijua ya kupozea samaki tu. Ndiyo maana nilipomwuliza fundi mmoja wa majahazi kule Matondoni meli inavunjaje bahari iliyoganda, sikutegemea jibu la haraka. Alikuwa akichonga taruma, ubavu wa jahazi, kwa tezo. Akainua uso: "Haigongi, mwanangu. Ikigonga itapasuka yenyewe. Itapanda juu."

Amepata. Omo, yaani sehemu ya mbele, ya meli ya aina hiyo hulazwa mshazari, ikapanda juu ya barafu, na uzito wa meli ukaikandamiza hadi ikakatika.

Aliyezijua sana meli hizi ni Mrusi, Yevgeny Zamyatin, mzaliwa wa Lebedyan mwaka 1884, aliyesomea uhandisi wa meli St. Petersburg. Mwaka 1916 alitumwa Uingereza kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu za Urusi. Mojawapo, Svyatogor, baadaye ilipewa jina la Krasin, na mwaka 1928 ikawaokoa manusura wa chombo cha puto Italia kilichoanguka kwenye barafu ya kaskazini. Ipo hadi leo St. Petersburg, imekuwa makumbusho.

Zamyatin alirudi kwao 1917, na miaka michache baadaye akaandika riwaya ambayo kwa Kiswahili tungeiita Sisi. Mji wake ni wa vioo. Watu hawana majina, wana namba. Wanaamka kwa ratiba moja, na tonge hutafunwa mara 50, wote kwa pamoja. Msimulizi, D-503, ndiye mjenzi wa chombo cha angani kiitwacho Integral.

Kwa nini mjenzi? Naamini jibu liko kwenye meza ya michoro. Mhandisi hupima bamba la chuma, likizidi hulikata, na chuma hakina la kusema. Zamyatin aliujua utamu wa hesabu inapokubali, akajua pia utamu huo ukihamishiwa kwa binadamu unazaa nini. Kwa hiyo D-503 si katili. Anaipenda hesabu kwa moyo wake wote, na tangu shuleni kinachomtesa ni kipeuo cha pili cha hasi moja, namba isiyokubali kukaa popote. Kisha anampenda mwanamke, na mateso yale yale yanamrudia. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa kitabu. Asiyewahi kushika rula asingeandika hivyo.

Kwao kilizuiwa. Kilitoka kwanza kwa Kiingereza, New York, 1924. Mwaka 1931 alimwandikia Stalin kuomba kuondoka, akaruhusiwa, akafia Paris 1937. Warusi walikichapa nchini mwao 1988.

Nilimhadithia fundi yule habari za mji wa namba. Alisikiliza huku akipitisha kidole kwenye taruma, akitafuta palipobaki kinundu.

"Na hicho chombo chao, kina jina?"

Nikamwambia kinalo, Integral.

"Chombo kina jina, watu hawana," akasema, akaliinamia taruma lake tena.