Dawa Kutoka Majani ya Tumbaku: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Seli ya mmea ikipewa jeni ya protini ya binadamu au ya mnyama huisoma na kuiunda protini hiyo pamoja na zake. Kwa tumbaku na kingamwili, yaani protini za kinga zinazonasa vijidudu mwilini, jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1989. Makosa mengi yanayozungumzwa kuhusu mimea hii huanza pale mtu anapodhani kwamba mmea ndio dawa, ilhali ni kiwanda tu cha kuunda protini ya dawa.

"Ukila ndizi, umeshachanjwa"

Wazo hili lina chimbuko la kweli. Miaka ya 1990 Charles Arntzen na wenzake huko Marekani walitafuta chanjo isiyohitaji sindano wala friji, na ndizi ikapendekezwa kwa sababu ikiiva huliwa bila kupikwa, hata na watoto. Jaribio la kwanza kwa watu, lililotangazwa mwaka 1998, lilitumia viazi mviringo. Watu 11 walikula viazi vibichi, gramu 50 au 100 kwa mlo, vilivyobeba protini ya bakteria wa kuharisha, E. coli. Damu za 10 kati yao zilionyesha ongezeko la kingamwili.

Kwa hiyo mwili unaweza kuitikia. Kilichokwama ni dozi. Ndizi mbili za chane moja hazina protini sawa, na kiasi hicho hubadilika kwa jua, udongo na kuiva. Dozi pungufu haichanji. Protini inayoliwa kila siku kama chakula nayo inaweza kuuzoesha mwili ukaacha kupambana nayo. Ukipika, joto huiharibu. Ndiyo maana wanaoendelea na chanjo za kumeza hukausha majani au nafaka kwa kugandisha, husaga, hupima kiasi cha protini, ndipo hujaza vidonge. Hapo tumeshatoka sokoni kwa muuza ndizi, tumeingia kiwandani.

"Ni kupanda, kuvuna na kukamua, kwa bei ya mchicha"

Njia inayotumika sana kwa kingamwili na chanjo haigusi hata jeni za mbegu. Mmea ni Nicotiana benthamiana, ndugu wa tumbaku mwenye asili ya Australia. Miche hukuzwa ndani ya jengo kwa wiki 4 hadi 6. Kando yake, kwenye tangi, hukuzwa Agrobakteria, bakteria wa udongo ambaye kwa maumbile yake huingiza kipande cha DNA ndani ya seli za mimea. Hapa amebebeshwa jeni tunayoitaka. Trei za miche hugeuzwa juu chini, majani yakazama katika maji yenye bakteria. Pampu huvuta hewa, na ile iliyomo kati ya seli za majani hutoka. Hewa ikirudishwa ghafla, majani hufyonza maji yale kama sifongo. Mimea hurudi chini ya taa kwa muda wa siku 4 hadi 7, kisha huvunwa.

Mengi huharibika hapo. Mche uliokwisha kuchanua hutoa protini kidogo. Chumba kikikaribia nyuzi 30, Agrobakteria hushindwa kupitisha jeni. Mmea wenyewe una ulinzi wa kunyamazisha jeni ngeni, kwa hiyo huongezewa jeni ya p19, kutoka kirusi cha nyanya, inayozima ulinzi huo. Ukichelewa kuvuna, vimeng'enya vya jani huanza kuikata protini uliyoingojea.

Na kazi ghali bado haijaanza. Jani likisagwa, protini moja tu ya usanisinuru, rubisko, inaweza kufika nusu ya protini zote zinazoyeyuka. Fenoli, kemikali za jani lenyewe, nazo hukutana na hewa, maji yakageuka kahawia na kuishika dawa. Kwa hiyo majani husagwa kwenye baridi pamoja na kizuia oksidi, pH (kipimo cha uchachu) hushushwa mpaka karibu na 5 ili rubisko igande, maji huchujwa, kisha hupitishwa kwenye safu ya Protini A inayonasa kingamwili peke yake. Mavuno mazuri ni miligramu mia kadhaa, pengine gramu moja, kwa kilo ya majani mabichi. Anayehesabu bei ya udongo na mbolea tu amehesabu sehemu ndogo; fedha nyingi huliwa na usafishaji.

"Dawa ya tumbaku itakuwa na nikotini"

Kingamwili ina uzito wa karibu mara 900 ya molekuli ya nikotini. Utando wa kuchujia huachia nikotini ipite na kubakiza kingamwili.

"Protini ya mmea si sawa na ya mtu"

Hii ni nusu ya kweli, na inastahili kujibiwa vizuri. Mnyororo wa amino asidi ni uleule. Tofauti ipo kwenye sukari zinazoning'inia juu ya protini: mimea huongeza zailosi na aina ya fukosi ambazo mwili wetu hauziweki. Tatizo hilo limepatiwa ufumbuzi: mimea ambayo jeni za kuongeza sukari hizo zimenyamazishwa.

Kuna pahali tofauti hiyo imekuwa faida. Wagonjwa wa Gaucher, ugonjwa wa kurithi, hukosa kimeng'enya cha kuvunja mafuta fulani, na dawa yao lazima iwe na sukari ya manosi kwa nje ili seli husika ziipokee. Kimeng'enya kinachotoka kwenye seli za hamsta, mnyama wa jamii ya panya, hulazimika kunyolewa sukari za juu kwanza. Kampuni ya Protalix ya Israeli hukitengeneza ndani ya seli za karoti, kikielekezwa kwenye vakuoli (kifuko cha akiba ndani ya seli), na hutoka manosi ikiwa tayari wazi. Dawa hiyo, Elelyso, iliidhinishwa Marekani Mei 2012. Karoti hizo hazina shamba: ni seli tupu zinazoelea kwenye mifuko ya plastiki.

"ZMapp ilishindwa Kongo kwa sababu ni dawa ya majani"

ZMapp ni dawa ya Ebola yenye kingamwili tatu zilizotengenezwa kwenye N. benthamiana huko Owensboro, Kentucky. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi, kwenye jaribio la watu 72, vifo vilikuwa asilimia 22 kwa waliopewa na 37 kwa wasiopewa, tofauti isiyotosha kuthibitisha. Kisha likaja jaribio la Beni, Butembo, Katwa na Mangina, huko Kongo, lililoanza Novemba 2018. Kufikia Agosti 2019 dawa mbili nyingine zilionekana wazi kuwa bora: waliopewa ZMapp walikufa karibu nusu, mAb114 asilimia 35, REGN-EB3 asilimia 34. Lakini hizo ni kingamwili tofauti. mAb114 ilitokana na mtu aliyenusurika Ebola huko Kikwit, Kongo, mwaka 1995. Jaribio lilishindanisha kingamwili. Halikupima kingamwili moja iliyotengenezwa kwa njia mbili.

"Mahindi ya dawa yapandwe kama mahindi mengine"

Hapa ndipo tunapoomba tahadhari kwa dhati. Mwaka 2002, huko Nebraska, Marekani, mahindi ya kampuni ya ProdiGene yenye protini ya chanjo ya nguruwe yalijiotea ndani ya soya, msimu mmoja baada ya kupandwa. Soya ilivunwa, ikachanganywa ghalani, na takriban tani 13,600 zikazuiwa. Katika jimbo la Iowa, ekari 155 za mahindi yaliyokuwa jirani na shamba jingine la kampuni hiyo ziliharibiwa kwa hofu ya chavua. Faini ilikuwa dola 250,000, mbali na gharama ya kununua na kuteketeza soya hiyo. Mbegu iliyoanguka ardhini na chavua inayopeperushwa haziheshimu mpaka wa shamba, kwa hiyo jani la mmea usioliwa, ndani ya jengo, likivunwa kabla ya kuchanua, ni chaguo salama zaidi kwa dawa.

Hata kisicho dawa kina madhara yake. Mahindi ya Enogen ya Syngenta, yaliyoruhusiwa Marekani mwaka 2011, yana alfa-amilesi, kimeng'enya cha kuvunja wanga, inayostahimili joto kwa ajili ya viwanda vya ethanoli. Wasaga nafaka wa huko walilalamika kwamba punje moja katika 10,000 ingeweza kudhoofisha unga wao. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kuufanya uji mzito uwe majimaji ungali jikoni unachemka, na kila aliyewahi kusonga ugali anajua maana yake.