Skripti ikisema faili liko sawa

Mafundi wengi wa seva hapa Dar wanaamini kwamba skripti ya ukaguzi ikilipitisha faili la sheria za fayawoli (ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao), kazi imekwisha. Kumbe inakagua kama sheria zimeandikwa sawasawa, si kama ndizo ulizokusudia: mabano yamefungwa, maneno yanatambulika. Andika kwamba unaruhusu poti 23 ulipokusudia 22, yaani mlango wa SSH unaotumia kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Amri ya nft -c -f, inayokagua faili bila kulipakia, italipitisha bila kunung'unika, nawe ukishalipakia ujikute umejifungia nje saa nane usiku. (Yalinikuta, nikapanda bodaboda kutoka Mbagala hadi Posta.) Mpangilio wa sheria nao: kwenye iptables, programu nyingine ya fayawoli ya Linux, DROP (tupa) ya jumla ikitangulia, ACCEPT (ruhusu) iliyo chini yake haifikiwi kamwe. Jaribu kwenye kompyuta ya mazoezi: geuza namba moja, kagua, pakia sheria, kisha jaribu kuingia kutoka mashine nyingine.