Mfereji wa machozi kuziba baada ya upasuaji wa saratani ya pua

Ni hali ya machozi kukosa njia ya kushukia puani, yakamwagika shavuni. Kwa kawaida machozi huingia kwenye vitundu viwili vilivyo ukingoni mwa kope, karibu na pembe ya ndani ya jicho, hukusanyika kwenye kifuko kando ya pua, kisha hushuka kwa mfereji unaopenya mfupa hadi ndani ya pua. Daktari anayetoa uvimbe kwenye ukuta wa pua au taya la juu mara nyingi hulazimika kuukata mfereji huo. Wiki au miezi baadaye kovu huufunga, hasa mgonjwa akitibiwa pia kwa mionzi.

Lakini si kila jicho linalotiririka limeziba. Mionzi hukausha jicho, na jicho kavu likikutana na upepo wa kaskazi pale Raskazone, ufukweni Tanga, au juu ya bodaboda, hutoa machozi tele. Hilo hutibiwa kwa matone ya kulainisha, si kwa kisu.

Kujua ukweli, daktari wa macho hutia ganzi ya matone, kisha husukuma maji ya chumvi kwa sindano butu kupitia kitundu cha chini. Mgonjwa akionja chumvi kooni, njia ipo wazi. Maji yakirudi kwa kitundu cha juu, kizuizi kiko chini, kwenye kifuko au mfereji. Yakirudi palepale yalipoingilia, kimeziba kijifereji chenyewe, kile kinachotoka kwenye kitundu kwenda kwenye kifuko, na kazi hapo ni ngumu zaidi.

Kukanda kifuko kwa kidole safi hutoa ute uliolala; kovu halifunguki kwa kukandwa. Tena usikande kabla daktari aliyekupasua hajaruhusu, maana huenda mfupa wa hapo umeondolewa. Maziwa ya mama na maji ya majani yasitiwe jichoni kabisa.

Pembe ya jicho ikivimba, ikawa nyekundu na yenye maumivu, kifuko kimeingia usaha: nenda siku hiyohiyo ukapewe antibayotiki. Kwa mtu wa Tanga, aanzie Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, asingoje tarehe ya kliniki ya Dar es Salaam. Machozi ya damu, au uvimbe mgumu juu ya pembe ya ndani, ni jambo jingine: saratani huenda imerudi. Kwa sababu hiyo picha ya CT na kamera ya puani hutangulia upasuaji wowote wa kuzibua.

Upasuaji wenyewe hutoboa njia mpya kutoka kwenye kifuko hadi puani. Mara nyingi huachwa mrija mwembamba wa silikoni kwa miezi kadhaa ili njia isijifunge. Usipenge kamasi kwa nguvu wiki mbili za mwanzo, na ukifuta jicho usivute kuelekea sikioni. Kitanzi cha mrija kikichomoza pembeni mwa jicho, usikikate wala kukivuta. Kibandike kwa plasta kando ya pua, uende kliniki kirudishwe.