Mgongo sugu: tunayoambizana barazani na ukweli wake

Huu ni mwaka wangu wa tano na mgongo. Hapa Ngamiani, Tanga, kila anayepita barazani ana dawa yake, na nyingi nimezijaribu.

"Lala mpaka upone."
Nililala wiki tatu. Nilipoinuka, kufika chooni tu nikashika ukuta. Siku moja mbili za kupumzika maumivu yakiwa makali, sawa. Lakini yakishapita miezi 3 yanaitwa sugu, na kulala kunazidi kulegeza misuli inayoushika uti wa mgongo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kiunoni wala kuvutwa mgongo. Mkanda wangu nimeuvua.

"Picha imeonyesha pingili zimesagika, basi tena."
Watu wengi wasioumwa popote wana pingili za namna hiyo, hasa umri ukisogea. Picha peke yake haimhukumu mtu.

"Kukandwa kunatosha."
Bibi mmoja wa mtaani kwetu ana mkono mzuri wa kuchua, na mafuta yake ya nazi ya vuguvugu siyakatai. Wengine huenda kuoga maji ya moto ya salfa kule Amboni. Joto hulegeza misuli kweli. Ila nafuu yangu haikuwahi kufika siku ya tatu. Mtaalamu wa tiba ya viungo ndiye aliyenifumbua macho: siku hizo mbili za nafuu ndizo za kufanyia mazoezi.

"Kazi za nyumbani ni mazoezi tosha."
Hii ndiyo iliyonichelewesha kuliko zote. Nilikuwa nakuna nazi, nafua, nachota maji, nikijihesabu mtu wa mazoezi. Kumbe kwenye mbuzi nimeinama vilevile nusu saa nzima, misuli ileile inachoka, mingine haiguswi. Zoezi huchaguliwa, huanza dogo, huongezwa polepole. Mimi nalala chali mkekani, nakunja magoti, nainua kiuno, nahesabu hadi tano, nashusha. Nilianza mara nne. Sasa kumi na tano, kisha natembea hadi Raskazone. Maumivu yakipanda kidogo na kutulia kabla ya kesho yake, sijaumia. Yakilala nami hadi asubuhi, napunguza idadi, siachi.

"Diklofenaki ni ya kawaida, meza tu."
Dawa hii ya kutuliza maumivu ikimezwa kila siku bila daktari huweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha.

Na yapo ambayo si ya mkeka wala ya mkandaji: mkojo au haja kukutoka bila kujua, ganzi sehemu za siri, mguu kukosa nguvu, homa, kukonda bila sababu. Kifua kikuu nacho huingia kwenye uti wa mgongo. Ukiona mojawapo, nenda hospitali leo hii, usingoje kesho.